Nyumba ya Majivu ya Kornelio

Kornelio Machage alihamia nyumba yake kabla haijawa na hata nguzo moja. Sitanii. Ukipita barabara ya kijiji chetu kipya asubuhi, mwaka ule wa sabini na nne, ungemkuta amelala chali katikati ya kiwanja, kofia iko tumboni, macho juu mawinguni.

"Kornelio, unafanya nini hapo chini?"

Anakujibu taratibu, kama umemkatisha ndoto. "Niko chumbani. Karibu. Lakini pita mlangoni, mura, usiruke ukuta."

Ukuta wenyewe ni mstari wa majivu.

Mistari hiyo niliichora mimi, Wangwe. Shule niliiacha mapema, tulikuwa tunapotezeana muda, mimi na yeye. Lakini kamba na vigingi usinifundishe. Pale kijijini Genkuru nyumba zote zilizosimama wima ni za mkono wangu. Zilizoegemea, wenyewe walichelewa kuniita. Watu walikuwa wanashuka kutoka milimani kuja kukaa pamoja kandokando ya barabara, kila kaya na kiwanja chake, na nyumba zote zimeambiwa ziangalie upande mmoja kama watoto wa shule mstarini. Kazi zilikuwa nyingi mpaka nikaanza kujiringa hata kwa mke wangu. Kwa wengine nilikuwa nachora asubuhi, mchana tunachimba mashimo, na ile wiki haijaisha wanakandika udongo. Kwa Kornelio nilichora, nikafuta, nikachora, nikafuta. Kuku wa kijiji kizima walitembea na miguu myeupe kwa sababu yake.

Huyu Kornelio nimwelezeje? Mtu mrefu, mpole, mzito wa mwendo. Alikuwa anaimba kwaya kanisani, lakini wenzake wakifika mwisho wa wimbo yeye bado yuko katikati, amefumba macho, anafurahi. Siku moja alichunga ng'ombe wa jirani kutwa nzima akidhani ni wa kwao, akawanywesha, akawasifia, jioni akashangaa wanakata kona nyingine. Ujanani alikwenda Nyangoto kuchimba dhahabu. Wenzake walirudi na mashati mapya. Yeye alirudi na tabia ya kuitazama ardhi muda mrefu bila kupepesa, kama inamsemesha. Nilimwambia mara nyingi, "Wewe ulichimba ndoto, ukaziacha dhahabu." Anacheka tu. Mtu wa kumchokoza halafu asikasirike, huyo utamtania mpaka uchoke mwenyewe.

Lakini kwa nyumba hii hakuwa anacheza. Alikuwa na baba.

Mzee Machage alikuwa bado kule mlimani kwenye mji wa zamani, na alikuwa amekataa kushuka. Hakukataa kijiji. Alikataa paa moja. Kwetu baba mkwe haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe. Haendi penye kitanda chake, hapiti mlango wake, na mke naye akimwona mzee anakuja anapisha njia na kugeuza uso. Tunaita ensoni, ni heshima lakini ndani yake kuna aibu, ukiivunja unaumwa roho kabla hata watu hawajakusema. Kule mlimani hiyo haikuwa taabu. Nyumba ya mzee huku, nyumba ya Agustina, mke wa Kornelio, kule, zizi katikati. Huku chini kiwanja ni chembamba, na miti na nyasi za kuezekea zilikuwa zimekwisha kwa sababu nchi nzima inajenga siku moja. Miti ya nyumba ya Agustina ilikuwa imeliwa na mchwa. Kornelio alibaki na miti ya nyumba moja tu, na miti yenyewe ilikuwa ni ile ile iliyoshika paa la baba yake kule juu. Ili huku pajengwe, kule lazima paezuliwe.

"Ezueni," mzee alisema. "Mimi nitalala zizini."

Na kifua chake kilikuwa kibovu. Akikohoa ungedhani mtu anakwangua sufuria. Mvua zilikuwa zinanukia, asubuhi ukungu umelala barabarani mpaka huoni miguu yako. Kornelio aliapa hatachimba shimo hata moja mpaka baba yake akubali kulala ndani. Ndiyo sababu tulikuwa tunajenga kwa majivu. Majivu hayaezui mtu.

Ramani ya kwanza ilikuwa yangu, na ilikuwa nzuri, sioni sababu ya kujificha. Vyumba vitatu kwa mstari. Katikati sebule, upande wa mapambazuko chumba cha Kornelio na Agustina, upande wa machweo watoto pamoja na babu yao. Kornelio alipanda mlima kumweleza mzee. Alirudi jioni, akakaa sebuleni, yaani chini, akavuta magoti.

"Amesemaje?"

"Ameuliza akitoka kukojoa atapita wapi."

"Sebuleni."

"Ameuliza sebuleni anakaa nani."

Sebuleni anakaa Agustina, watoto, na chungu cha uji.

Ramani ya pili nikaweka korido, na chumba cha watoto nikakisogeza kikapakana na cha Agustina. Neno hilo nililitoa mjini Musoma, na nililitamka kwa nguvu. Kornelio akaipenda korido hiyo kuliko kitu chochote. Alitembea ndani yake kwenda na kurudi, mikono ameibana mbavuni asiguse kuta. Akasimama katikati akasema, "Wangwe, humu kuna baridi kidogo, unasikia?" Jua la mchana linawaka, mimi najifuta jasho, naye anasikia baridi ya korido. Nikaanza kusikia na mimi. Mungu ananiona.

Akapanda mlima. Akashuka.

"Korido ni pana kiasi gani, anauliza."

"Mtu na nusu."

"Basi amesema hapo ndipo watakapokutana kifua kwa kifua. Bora sebule."

Nikasema, "Huyu mzee anaijua nyumba yako kuliko wewe, na hajaiona."

"Anaiona," Kornelio akasema. "Nikimwelezea anafumba macho. Jana alinionyesha kwa mkono mahali dirisha lilipo, na ni pale pale."

Nilimshauri kibanda cha nyuma, kidogo, cha matete tu. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo. "Mwambie huyo fundi wako, mimi siyo kuku."

Wakati huo Agustina alikuwa ameshahamia. Usidhani ni Kornelio peke yake aliyekuwa hivyo. Agustina ni wa Nyambureti, mwanamke wa mikono myepesi, mdomo wake mwepesi zaidi, na siku za mwanzo alikuwa anatucheka. "Mnafagia vumbi mnaita nyumba." Lakini yeye ndiye aliyekuwa analeta majivu kila asubuhi, kutoka jiko la jirani aliyewahifadhi, kurekebisha pale umande ulipokula mstari, na mtu huwezi kulisha kitu kila siku usikipende. Nikaanza kumwona anazunguka kuufuata mlango badala ya kukatiza. Halafu siku moja nikamkuta amekaa kwenye chumba chake, kile cha upande wa mapambazuko, amenyoosha miguu, anachambua maharage kwenye ungo.

"Dirisha langu hili," akaniambia, akionyesha hewa. "Usilifanye dogo, Wangwe. Nataka nikiamka nione mlima nilikotoka. Na jua liingie mpaka kitandani, linipige hapa." Akajigusa shavu.

"Nitakuwekea dirisha hata ng'ombe atapita."

"Ng'ombe wa kwenu ndio wanapita dirishani."

Chumba kile kilikuwa kizuri kweli. Jua likichomoza kilipata mwanga kabla ya kiwanja chochote, majivu yakawa kama yanawaka, na ukikaa mle ndani ungeapa unasikia nyasi za paa zikilia kwa upepo. Watoto walikuwa wakiingia wanabisha hodi. Mama yao anawaitikia karibu. Na mimi, mwanaume mzima, fundi wa kutegemewa, niliwahi kusimama nje ya mstari nikingoja nikaribishwe.

Mvua ya kwanza ikapiga usiku, ndogo, ya kuonya. Asubuhi nyumba yote ilikuwa imefutika. Kornelio alisimama pembeni akilia bila sauti, kama mtu aliyeunguliwa na nyumba. Balozi wetu wa nyumba kumi, Rubeni, akaja na baiskeli yake.

"Kornelio, ndugu yangu. Wenzako wanaezeka. Wewe bado unachora?"

"Baba hajakubali."

"Mlimani paezuliwe wiki hii, mvua zikishika hamtashusha hata fito. Utamweka wapi mzee? Kwenye majivu?"

Agustina alikuwa tayari anakuja na ndoo ya majivu makavu, akaanza kupita na mstari pole pole kwa kumbukumbu, bila kamba, na aliposhika kona ya mwisho ilikuwa imekaa sawasawa. Mimi nilipima. Nilitafuta kosa sikupata, ikaniuma.

Nikaona hii sasa inataka mdomo, na mdomo ninao. Nikapanda mlima mimi mwenyewe. Mzee alikuwa amekaa mlangoni kwake na blanketi, macho yake yameshaanza kuingia ukungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemfundisha mwanangu kulala barabarani?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kukuambia watu wanakusema huko chini."

"Wanasemaje?"

"Wanasema Mzee Machage, aliyefukuza simba kwa rungu, anaogopa mistari ya majivu."

Akanitazama hivi, kidogo pembeni ya uso wangu. "Nani anasema?"

"Wengi."

"Ni wewe peke yako."

"Mimi nina sauti ya wengi, mzee."

Akakohoa, sijui alikuwa anacheka. Hakusema atakuja.

Alikuja kesho yake asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito, barabara imepotea, milima imepotea, nyumba za jirani zinaelea nusu nusu. Mimi na Kornelio tulikuwa mbele ya kiwanja tunabishana juu ya korido. Tukasikia fimbo. Tak, tak, tak. Halafu mzee akatokea upande wa nyuma, tulikopanga zizi, tukijua ni yeye kwa blanketi tu. Alikuwa ameifuata njia ya ng'ombe. Hakuja mbele kama mgeni. Mistari ilikuwa imelowa umande, imekaribia kuwa rangi ya udongo, na macho yake ndiyo hayo. Akatembea moja kwa moja, akakanyaga ukuta, akaupita, akazunguka sebuleni akitafuta sauti zetu, halafu jua likatoboa ukungu kidogo upande wa mapambazuko na yeye akalifuata joto. Akasimama mlangoni mwa chumba cha mapambazuko, hatua moja ndani.

Agustina alikuwa mle ndani na ungo wake.

Sikia, mtu mwingine angekimbia. Pale hapakuwa na kitu, ni uwanja, ungeweza kutoka kwa upande wowote hata umefunga macho. Agustina aliinuka, akavuta kanga usoni, akageuka kushoto, kulikuwa na ukuta. Akageuka kulia, ukuta. Mlango ulikuwa mmoja, na mlangoni amesimama baba mkwe wake. Basi akasimama ukutani, uso kwenye hewa. Hakuvuka. Na mimi sikucheka. Mimi, ambaye msibani nilishafukuzwa kwa kucheka.

Kornelio akamwita baba yake. "Tata."

"Eh."

"Usiende mbele. Umeingia chumbani."

Mzee akatulia. "Chumbani kwa nani?"

"Kwa mke wangu. Naye yumo."

Angeweza kusema chumba kiko wapi, hapa ni kiwanja, acheni upuuzi. Tungemwelewa. Nilimwona analifikiria, midomo ilicheza. Lakini ni yeye aliyekataa sebule ya majivu, akakataa korido ya majivu, kwa sababu alizipita akiwa amefumba macho kule mlimani na akaona aibu ndani yake. Sasa aseme hazipo? Akainua blanketi taratibu akajifunika kichwa chote.

"Mwambie atoke," akasema kutoka ndani ya blanketi.

"Hana pa kutokea, tata. Mlangoni umesimama wewe."

"Basi nitoke mimi."

"Subiri!" Huyo alikuwa Agustina. Hakumsemesha mzee, hilo haliwezekani. Alimsemesha mumewe, lakini kwa sauti ya kufika mbali. "Baba Mogesi, mwambie baba asitoke. Kama ameingia, ameingia. Hiki sasa ni chumba chake. Nifungulie mlango upande wa watoto, nitoke mimi."

"Mama Mogesi," Kornelio akasema, "dirisha lako..."

"Nifungulie."

Kornelio akapiga magoti. Kwa kiganja chake akafuta majivu ya ukuta wa upande wa machweo, upana wa mtu, akakung'uta mkono. Agustina akaokota ungo, akapita pale ubavu ubavu, kanga usoni, akaingia upande wa watoto. Alipofika huko akapumua mpaka tukamsikia wote. Halafu akasema, "Funga." Kornelio akachukua majivu kwenye ndoo akaufunga ukuta, mstari mnene, akaurudia tena.

"Umefunga?" mzee akauliza ndani ya blanketi.

"Nimefunga."

"Na mlango huu niliopitia?"

Kornelio akaufunga na huo. Mzee akajifunua. Jua lilikuwa sasa limetoka vizuri, likampiga shavuni. Akafumba macho. Akakaa chini, akanyoosha mgongo hivi, kama mtu anayeegemea ukuta, na wallahi hakuanguka. Watoto walikuja wakaanza kuchezea upande wao, na mzee akawa anageuza sikio kuufuata mchezo.

"Ukuta huu wa watoto," akasema, "mnene kiasi gani?"

Hapo akaniuliza mimi fundi. "Kiganja, mzee. Kelele zitapita, macho hayapiti."

"Na mama yao atakuwa wapi?"

"Upande wa barabara, mwisho kabisa. Watoto wako katikati yenu."

"Na mimi nikikohoa?"

Kornelio akasema, "Tutasikia, tata. Tutajua uko hai."

Mzee akatikisa kichwa kidogo. Mimi nikaona nafasi yangu. Nikasema kwa desturi hapa pana kosa, baba mkwe ameingia kwa mkwe, lazima mbuzi achinjwe leo leo, na fundi ana fungu lake.

"Mbuzi atachinjwa paa likishafika juu," mzee akasema. "Na wewe utakula kwato."

Agustina akacheka kule upande wa pili wa ukuta, akaziba mdomo haraka.

Sasa mzee akataka kuondoka. Akainuka, akashika fimbo, akatazama huku na huku kwa macho yake yale. Akasimama. Tulimfungia pande zote.

"Kornelio. Nitatokaje?"

Kornelio akanitazama. Katika ramani zote hatukuwahi kumwekea mzee mlango wake, tulikuwa tunahangaika tu na njia ya kumpitisha kwetu. Akaupita ule mstari wa nyuma kwa macho, yale macho yake ya Nyangoto, akaenda upande wa zizi, akapiga magoti, akafungua hapo.

"Huku nyuma, tata. Ukitoka tu unakutana na ng'ombe. Hupiti kwa mtu."

"Lakini mmesema nyumba iangalie kule barabarani."

"Nyumba itaangalia kule. Wewe utaangalia huku."

Mzee alitembea mpaka pale. Alipofika mlangoni aliinama, akaweka mkono juu ya kichwa asijigonge, akatoka. Nje akanyooka, akageuka akanitafuta kwa sikio.

"Fundi. Kizingiti cha juu umekiweka chini."

"Nitakipandisha, mzee," nikasema, na nilikuwa namaanisha.

Akaanza kupotea kwenye ukungu uliokuwa umebaki huko bondeni, fimbo yake tak, tak. Kornelio alimfuata hatua chache akasimama kwenye mlango mpya. Hakutoka nje yake. Nadhani aliona ule ni mlango wa baba yake, siyo wake.

"Tata! Tuezue basi?"

Sauti ikarudi kutoka kwenye weupe ule, bila mtu.

"Anzeni kwa kushusha ng'ombe. Nitakuja nyuma yao."